Ukurasa wa Kwanza wa Fomu ya Wande

Mwezi uliopita binti yake Daktari alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Alisema baba yake ametutoka, wameshamzika kwao milimani, na sasa wanaandaa kijitabu cha kumbukumbu kwa ajili ya misa ya arobaini. Akaniomba ukurasa mmoja tu. "Kitu cha kuchangamsha, shangazi. Baba alikuwa anatuambia mlikuwa na vituko sana huko Bariadi." Ni kweli vituko vilikuwepo, na nilimwandikia: jinsi baba yake alivyokula ugali kwa kijiko, alivyolilia ndizi za kwao kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na siku ng'ombe alipotafuna bahasha ya fomu ikabaki pini. Nikamtumia, akanijibu kwa vikaragosi vya kucheka. Lakini kila nilipokuwa nikiandika vile vituko, mkono ulikuwa unataka kwenda kijiji cha Ipililo, wilaya ya Maswa, kwenye mji wa mtu mmoja aitwaye Masunga, kwa mkewe Wande. Binti wa Daktari hajawahi kulisikia jina hilo. Kwa hiyo ukurasa wake nimempa, na hizi kurasa nyingine ni zangu.

Habari za ukoo wangu naziruka, hazina mchango hapa. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, najua Kisukuma cha nyumbani, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha kubahatisha. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru. Maduka ya Bariadi, ambayo nilipokuwa mdogo yalikuwa na mwenye duka na kaunta tu, yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi na marobota ya mitumba. Na mwaka huo ndio wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuonekana kwetu, watu wa miwani ya jua, wakiahidi kuja na mizani yao wenyewe, huku ghala la ushirika likiwa limefungwa na hakuna wa kusema litafunguliwa lini. Watu wazima walikuwa wanazungumza habari hizo mchana kutwa. Mimi nilichotaka ni kazi, na kazi ikaja na Daktari.

Alipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Chumba cha mbele kilikuwa ofisi: meza moja, mashine ya kuchapa, makasha ya fomu, na harufu ya mafuta ya mnyororo iliyoingia hadi kwenye mkate. Huko ndiko alikonifundisha ugonjwa aliokuja kuutafiti. Alisema kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, inageuka na kuanza kutafuna utando unaofunika mishipa ya fahamu, na mshipa unabaki kama waya wa umeme uliochunwa ngozi. Leo mguu unakufa ganzi, kesho jicho linaingia ukungu, keshokutwa vyote vinarudi karibu na kawaida, halafu vinaondoka tena. Vitabu alivyosomea Ulaya vilisema Waafrika hatuupati. Yeye alikuwa amekutana na watu kutoka upande wetu, katika hospitali moja ya Mwanza, ambao aliamini kabisa wanao. Wafadhili wa huko alikosoma wakampa Landrova moja na mwaka mmoja: awatembelee wagonjwa hao mara tatu, aulize wanakula nini, wanalala vipi, wanafanya kazi gani, na hali zao zinakwendaje. Mwisho wa mwaka sita kati yao, wale walio na hali mbaya zaidi, wangepelekwa Mwanza kutolewa maji ya uti wa mgongo, kupimwa na kupewa sindano kali ambazo kwetu hakuna aliyewahi kuziona. Nafasi zilikuwa sita kwa sababu gari lilikuwa na viti sita vya wagonjwa.

Fomu ilikuwa na kurasa tisa, na iliandikwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Maswa. "Kwa wiki unakula jibini mara ngapi?" Nililazimika kwanza kueleza jibini ni nini, na nilipomaliza, mama mmoja wa Lalago aliniuliza kwa huruma kwa nini watu hao wanaacha maziwa mpaka yanakuwa sabuni. "Je, unafanya mazoezi ya mwili angalau nusu saa kwa siku?" Huyo niliyemuuliza alikuwa anapalilia pamba huku anaburuta mguu, na alicheka mpaka akaegemea jembe. "Kwa siku unakaa juani saa ngapi?" Mzee Jilala, dereva mstaafu wa lori la ushirika, jirani yake Masunga, alinijibu, "Andika kwamba tunaishi humo humo." Nikaandika saa kumi na mbili.

Lakini ukurasa wa kwanza haukuwa wa kuchekesha. Ulikuwa na maswali matano tu: hali yako kwa jumla wiki hii, miguu, macho, haja ndogo, uchovu. Kila swali lina namba, moja ni salama kabisa, tano ni mbaya kabisa. Na ulikuwa na sheria zake. Uulizwe mara tu unapokaa, kabla hujapokea hata maji, kwa sababu wafadhili waliamini kwamba mtu akishakuzoea anaanza kukufurahisha, na jibu la mwanzo ndilo safi. Andika kilichosemwa, si unachokijua. Usifute, fomu iliyofutwa inatupwa. Na usitoe ushauri wowote, wewe uliza, andika, shukuru, uondoke. Daktari alitusomea sheria hizo sisi wadodosaji wanne kila Jumatatu asubuhi, na kila Jumatatu alinyanyua fomu zangu kuwaonyesha wenzangu. "Tazameni kazi ya Minza," alikuwa anasema, "haina hata kovu." Nilipenda sana kusifiwa. Naandika hili wazi kwa sababu ndilo lililonifunga mkono.

Sasa niseme jambo ambalo Msukuma hahitaji kuambiwa. Kwetu mgeni akikujulia hali unamjibu mhola, yaani salama, hata kama ndani kuna maiti. Nimeona kwa macho yangu mtu aliyefiwa alfajiri akimjibu mgeni mhola, akamkalisha, akampa maji, akampa chakula, na mgeni alipomaliza kunawa ndipo akaambiwa, "Ee, baba, humu tumeondokewa." Kumtupia mgeni habari mbaya kabla hajapumua ni utovu wa adabu, na mwanamke aliyeolewa akifanya hivyo mbele ya wakwe zake anawaaibisha waliomlea. Habari yenyewe inakuja baadaye, polepole, baada ya chakula. Na ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa unaulizwa kabla ya maji.

Mji wa Masunga ulikuwa na uzio wa minyaa na nyumba tatu. Mara ya kwanza nilifika wakati wa kupanda. Wande alikuwa na miaka ishirini na saba hivi, mrefu, na ana mwanya uliomfanya aonekane kama yuko karibu kucheka wakati wote. Mama mkwe wake, ambaye wote tulimwita Mayu Ngolo, alinisogezea kigoda, akakaa kati yetu. Nikatoa kalamu.

"Hali yako kwa jumla wiki hii?"

"Mhola duhu." Yaani salama tu.

"Miguu?"

"Mhola."

"Macho?"

"Mhola, dada."

Nikazungushia moja, moja, moja, moja, moja. Baada ya hapo Mayu Ngolo akaleta matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga na maziwa mgando, na tulipokwisha kula akaanza kusimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Kwamba mwaka jana mkwewe aliamka jicho la kushoto halioni, likakaa hivyo mwezi mzima. Kwamba miguu inamwacha njiani kama vile si ya kwake. Wande alikuwa anaitikia kwa kichwa, anachambua karanga. Niliyasikia yote, na nilipofika ukurasa wa saba, penye nafasi ya maelezo, niliyaandika kwa mwandiko wangu mzuri. Nilirudi Bariadi nikiwa na amani, nikidhani nimefanya kazi yangu.

Mara ya pili ilikuwa wakati wa palizi. Wande alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Nilifika asubuhi nikamkuta Mayu Ngolo akimkanda miguu kwa maji ya moto, kitambaa kinatoa mvuke, na mikono ya yule bibi imekuwa myekundu. Alikuwa anamkanda kwa upendo ambao sijauona kwa wakwe wengi. Tulipokula, bibi alipotoka kufukuza mbuzi, Wande aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, akinikanda ndiyo inakufa kabisa. Mpaka jioni siwezi kusimama. Lakini nitamwambiaje? Anaamka alfajiri kuchota maji kwa ajili yangu." Daktari alikuwa ameshatufundisha kwamba joto linaongeza ugonjwa huu. Nilijua. Sheria ilisema usitoe ushauri, ili mwenendo wa watu usibadilike kabla utafiti haujaisha. Niliandika "huzidiwa na joto" ukurasa wa saba, nikasema nashukuru kwa chakula. Leo nina umri wa kumzidi Mayu Ngolo wa wakati ule na bado sielewi ni kitu gani kingeharibika duniani kama ningesema, mayu, tumia maji ya mtungini.

Mara ya tatu ilikuwa baada ya mavuno. Ghala la ushirika halikuwa limefunguliwa, na wale wa miwani ya jua walikuwa bado ni ahadi, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa imejaa pamba. Kwa Masunga pamba ilianzia mlangoni mwa chumba cha kulala ikapanda hadi kwenye maboriti, na Wande alikuwa amelazwa juu yake, kwa sababu kitanda kilikuwa kimefukiwa chini. Chumba kilikuwa na joto la tanuri. Vumbi la pamba lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Masunga alikuwa uani, nilimsikia akibishana na mwenzake kama wamsubiri mnunuzi au wabebe kwa baiskeli hadi Maswa, na katikati ya mabishano akasema, "Mimi siwezi kuondoka, nani atamgeuza mke wangu?" Mayu Ngolo akanikalisha kwenye ukingo wa pamba. Nikatoa fomu. Wande hakuweza kuniona vizuri, alikuwa anaitafuta sauti yangu.

"Hali yako kwa jumla wiki hii?"

"Mhola duhu, dada. Karibu."

Kalamu ilisimama. Nakumbuka niliitazama ile namba tano, iko sentimita chache tu kutoka kwenye moja. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Bibi hakujua kusoma na Wande alikuwa haoni. Lakini nilikuwa na Jumatatu yangu kichwani, na fomu isiyo na kovu, na andika kilichosemwa. Nikajiambia kurasa nyingine zitasema, Daktari ana macho, atasoma. Nikazungushia moja mara tano. Halafu chakula kikaja, na baada ya chakula Wande akalia. Alilia bila sauti, akasema hashiki mkojo, akasema binti yake wa miaka mitano ndiye anayemlisha, akauliza, "Kuna dawa huko mnakopeleka hizi karatasi?" Hapo nikavunja sheria yote kwa mkupuo, nikiwa nimechelewa. Nikamshika mkono, nikamwambia kuna gari litakuja kabla ya mvua, linapeleka watu Mwanza, na yeye atakuwemo. Mayu Ngolo alipiga vigelegele kidogo, akajiziba mdomo.

Orodha ilirudi kutoka kwa wafadhili kwa barua. Majina sita, na la Wande halikuwemo. Mzee Jilala alikuwemo. Huyo alikuwa amezunguka mijini na lori lake, alijua kwamba mtu mwenye kalamu unamwagia shida zote na nyingine unaongezea. Alijipa tano hadi kwenye macho, na ndiye aliyekuwa ananiona nikiwa bado mbali njiani na kuniita kwa jina. Alikuwa mgonjwa kweli, sisemi hakuwa. Nilikwenda na ile barua chumba cha mbele. Daktari alikuwa anakula, akaweka kijiko chini.

"Huyu wa Ipililo wamemsahau," nikasema.

Akafungua daftari lake. "Hawakumsahau. Huyu ndiye mwenye afya bora kuliko wote. Moja, moja, moja, mara zote tatu."

"Ukurasa wa saba, Daktari. Nimeandika kila kitu ukurasa wa saba."

"Ukurasa wa saba hausomwi na mashine yao, Minza. Wanajumlisha wa kwanza tu." Akapitisha kidole kwenye zile moja. "Mbona uliandika moja?"

"Ndivyo alivyosema."

"Alikuwa anaonaje?"

"Alikuwa haoni."

Alisimama akaenda dirishani. Nilitegemea anifokee, na ingenisaidia. Nikamweleza habari ya mhola, yote, kama nilivyoieleza hapa, na nikamwona anavyogundua kwamba mwaka wake mzima wa ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa adabu za watu. "Hata kwetu tuna msemo," akasema, "mficha maradhi, mauti humuumbua. Lakini hawa hawakuficha. Sisi ndio hatukusubiri chakula." Nikamwomba abadilishe jina moja. Akasema fomu zimeshaondoka, kibali cha hospitali kina majina, akibadilisha moja kwa huruma wafadhili watasema zote ni za huruma. Akasema ataandika barua aombe safari ya pili. Aliiandika, niliichapa mimi mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi, wakisikitika.

Sitaki mtu asome hapa akadhani namlaumu marehemu. Yeye alikuwa na viti sita na barua, mimi nilikuwa na kalamu. Na wala sijui kama zile sindano zingemfaa Wande. Daktari mwenyewe hakujua, alisema kwa mtu aliyefika pale pengine zingemrudishia jicho, pengine miezi kadhaa ya kusimama. Mzee Jilala alirudi na gongo la chuma na akaishi kuwasumbua watu kwa hadithi za Mwanza kwa miaka mingi. Wande alikufa msimu wa pili wa pamba baada ya ule. Nilikuwa nimeshahamia Shinyanga kwa kazi nyingine, nikasikia kwa mtu, na sikwenda. Nasema nilikosa ruhusa, lakini sikuomba.

Ninachokiona mara kwa mara, nikiwa naosha vyombo au nimekaa kanisani, ni asubuhi ile ya gari. Nilipangiwa kwenda kama mkalimani. Njia ya kwenda kwa Mzee Jilala ilipita kando kabisa ya uzio wa Masunga, hakuna nyingine. Nilikuwa nimekusudia kwenda siku moja kabla, kwa baiskeli, niwaambie. Nilifika nusu ya njia nikageuka. Kwa hiyo tulipokata kona Landrova ikipiga kelele zake, walikuwa wametusikia tangu mbali, na walikuwa tayari. Wande alikuwa amekalishwa nje kwenye kiti, amefungwa kiunoni kwa kanga asianguke. Alikuwa amesukwa upya. Amevaa gauni la mtumba la bluu lenye kola, limepigwa pasi, na miguuni soksi. Binti yake alikuwa amesimama pembeni amebeba kifurushi kwa mikono miwili, na Mayu Ngolo ameshajifunga kitambaa cha kusafiria, kwa sababu ndiye angekwenda kumwuguza. Masunga alitoka mbio kumwonyesha dereva mahali pa kugeuzia.

Dereva akapunguza mwendo, akaniuliza, "Huyu naye yumo?"

Nikatazama karatasi niliyokuwa naijua kwa moyo. "Hayumo."

Ilibidi nishuke. Niliwaambia nikiwa nimesimama, bila salamu, bila kukaa, kama mtu asiyelelewa. Nilisema majina yamechaguliwa Ulaya, nikasema kosa ni langu, nikasema mengine ambayo siyakumbuki. Masunga aliendelea kulitazama gari, mikono bado iko hewani. Mayu Ngolo alijifungua kitambaa polepole akakikunja, kikawa kidogo, akaendelea kukikunja. Hakuna aliyenitukana. Wande aliinua uso kuelekea nilipokuwa, akauliza nani basi anakwenda, nikamwambia ni Mzee Jilala na wengine wa Lalago. Halafu akamwita binti yake.

"Kile chakula mpe dada," akasema. "Safari ni ndefu, na yule mzee ana njaa za haraka."

Mtoto akanipa kifurushi. Kilikuwa bado cha moto. Tulipofika njia kubwa Mzee Jilala alikifungua, mlikuwa na matobolwa, karanga za kukaanga na kuku mzima, akagawa kwa wote garini, akanipa paja. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nikala, nikamaliza, nikafyonza na mfupa.